Muhogo wa Usiku Mmoja

Lundo, ufukweni

Mama, shikamoo,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu kabla ya mvua. Si kwamba nilikosa karatasi. Kila nilipoanza kuandika nilifika kwenye jina la Truda, nikaacha. Mgongo wa Baba unaendeleaje? Na wewe, kifua kimetulia? Huku mtoto mchanga ananyonya vizuri. Mimi nimechoka tu.

Mjomba alinifikishia ujumbe wako, kwamba miguu ya mjukuu wako Truda imechezewa na Mama Mkwe, na kwamba nimlete kwa mganga wa Liparamba. Mama, sitamleta. Nakuandikia ujue ilivyokuwa, kisha jambo hilo usiliseme tena, wala kisimani wala baada ya misa.

Nilipojifungua, aliyenihudumia ni Mama Mkwe. Halafu akaitwa Lituhi kumuuguza dada yake. Kabla ya kuondoka alinionyesha muhogo mchungu ndani ya pipa. "Siku nne kwenye maji, mpaka ukiubonyeza unabonyea. Nyie watu wa milimani msije mkauloweka usiku mmoja kama maharage!" Nikacheka. Akaniachia na samaki wakavu. "Hawa ni wa mzazi, maziwa yatoke. Wengine wasiguse."

Chakula kikaisha. Baba Truda alikuwa ziwani, na usipa, wale dagaa wa huku, wote aliopata ulichukuliwa na wafanyabiashara wa malori. Siku hizi wanakuja wenyewe mpaka kwenye mitumbwi. Truda alikuwa analia njaa. Muhogo nikauloweka usiku mmoja tu, nikauanika, nikautwanga. Tukala hivyo wiki kadhaa. Ugali wetu ulikuwa ule ule, ila yeye alikula na majani, mimi nikala na samaki, kama nilivyoambiwa.

Siku moja Truda alirudi kutoka kuchota maji anatetemeka. "Mama, miguu inanibishia." Nikamwambia aache uvivu. Kesho yake hakuweza kusimama.

Tukambeba mpaka hospitali. Daktari alimgonga kidogo tu chini ya goti, mguu ukaruka, ukapiga kalamu yake ikaanguka. Truda akacheka, "Umeona, Daktari? Mkorofi huyu!" Nami nikacheka, nikidhani ni dalili njema. Daktari akaniambia nishike paja lake. Gumu kama mchi.

"Msuli ni mzima," akasema. "Ubongo hutuma neno kwa njia ya neva mpaka mguuni: kaza, legea. Sumu ya muhogo imeziumiza neva zinazolipeleka neno hilo. Sasa msuli unakaza tu, hauna wa kuuambia legea."

Nikauliza dawa. Akasema hakuna. Ugonjwa hautazidi, ila miguu haitarudi kama zamani. Kisha akauliza, mbona mimi natembea? Tulikula ugali na nini? Maana samaki na maharage huusaidia mwili kuivunja sumu hiyo. Mtoto mchanga alikuwa ananyonya. Nilimtazama yeye, sikumtazama daktari.

Mama Mkwe aliporudi nilipiga magoti nikamweleza yote. Hakunitukana. Alisema, "Na mimi ndiye niliyesema wengine wasiguse," akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kuwasha moto. Sasa kila siku yeye ndiye anayemkanda Truda miguu kwa maji ya moto na kumnyoosha. Kwa hiyo akitajwa vibaya huko kwetu, naomba unisimamie mimi kwa kumsimamia yeye.

Truda anatembea kwa vidole, magoti yanagongana, anashika ukuta. Amesema anataka kurudi shule. Lakini ukuta unaishia uani, na shule iko ng'ambo ya kijito.

Msalimie Baba, na kaka mkubwa pamoja na mkewe, na shangazi wa kwaya. Mwambie sauti yake naikumbuka. Mama Mkwe anakuamkia.

Ni mimi mwanao,
Skolastika

Ninavyohitaji, mpe Mjomba aje navyo: maharage ya kwetu debe moja. Karanga nusu debe. Kipande cha mpira wa tairi, cha kuvisha ncha za fimbo. Fimbo zenyewe mbili namwomba Baba, za mti mgumu, juu ziwe na mahali pa kuegemea kwapani. Uzi uliomo ndani ya bahasha ndio kipimo, toka kwapani kwa Truda mpaka chini. Azidishe vidole vinne, maana anakua.