Baba, Ugonjwa Wako Tuliusoma Pamoja

Mpendwa baba,

Nimepata nafasi ya kusomea udaktari, na sijui kama nitakwenda. Nakuambia wewe kwa sababu hapa nyumbani kila mtu anashangilia, sina wa kumweleza kwamba naogopa.

Unakumbuka mwalimu wa baiolojia alivyosema anayetaka udaktari aanze kusoma mapema, aone kama ataweza? Kesho yake ulishuka Moshi mjini, ukarudi na vitabu vya mtumba kwenye kiroba, kimoja hakina jalada, vyote vinanuka ukungu. Kiingereza hukukijua, lakini kila jioni uliketi karibu yangu ukimenya ndizi za mtori. "Hapo wanasema nini, mama?" unaniuliza. Nikikueleza ini, unauliza figo. Ulikuwa mwanafunzi msumbufu kweli.

Ubaya ni kwamba ulianza kuniita daktari, na majirani wa Kirua wakakuamini. Walikuja na vidonda, na watoto wenye homa, nikawa nawafukuza waende zahanati. Wewe sikuweza kukufukuza. Miguu ilipokuvimba, ukawa unalala umekaa kwa kukosa pumzi, tulifungua sura ya moyo. Nilikusomea yote, nikakuomba twende hospitali. Ukacheka. "Si daktari ninaye?"

Nikakuletea jani la sale. Kwetu hilo ni la kuombea msamaha, na aliyekosewa akiletewa hawezi kukataa. Sikuwa nimekukosea, ila sikuwa na kingine cha kukushikia. Ulilipokea kwa mikono miwili. "Nimekubali, mwanangu. Tukimaliza kuvuna tutakwenda." Kukataa hukukataa. Tulikuzika kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, kahawa ikiwa bado mtini.

Nimekukasirikia, baba. Nikifungua vile vitabu nasikia unavyohema. Kusoma mapema kumenionyesha kwamba unaweza kuujua ugonjwa vizuri, na mgonjwa akafa mbele yako huku anatabasamu.

Juzi mama alishikwa na kizunguzungu jikoni, akasema atapumzika, kitapita. Sikumsomea kitu. Niliita bodaboda, nikampakia, nikamkumbatia kwa nyuma asianguke, naye akanigombeza mpaka getini hospitali. Presha ilikuwa juu mno, wakamlaza. Mpaka leo hasemi na mimi. Nikimpelekea uji wodini anageukia ukutani, kisha anaunywa.

Chuo nitakwenda. Afadhali mtu aninunie akiwa hai.

Pumzika, baba. Natamani na wewe ungeninunia.

Binti yako