Kwa Baba Nakijwa, Ambaye Hakuwa na Ukoma

Mpendwa Baba Nakijwa,

Jumapili mshenga alikuja kumposa mwanao. Aliyoniuliza yalikuhusu wewe, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka tuliposhuka kutoka Gonja kuja Maore, kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa? Walikupa darasa la kisomo. Wazee waliokupita umri walikaa kwenye magogo wakikuita mwalimu, nawe uliwaamkia shikamoo mmoja mmoja kabla ya kushika chaki. Sauti yako niliisikia hadi mferejini.

Kisha sikio likavimba. Likawa jekundu, la moto, usiweze kulilalia. Tukadhani ni nyuki. Likapoa, likaja la pili, halafu macho. Tulipovuna mahindi, pua yako ilikuwa imeanza kubonyea katikati. Mganga wa zahanati hakukuangalia sana.

"Mwalimu, huu ni ukoma."

Kesho yake hakuna aliyekuja darasani. Mwenyekiti wa kijiji alituomba tuchote maji wenzetu wakishamaliza.

Ukapelekwa kambi ya wakoma. Muuguzi wa kule alikufumba macho, akakupitishia pamba mikononi, miguuni, mashavuni, na kila alipogusa ulisema, "Nimesikia." Akasema ngozi yenye ukoma hufa ganzi, kwa hiyo hapo si mahali pako, akakuandikia uende hospitali. Hospitalini daktari akasema pua ya namna ile ni kaswende. Tukachomwa sindano wote wawili. Kwenye benchi la nje ulinishika mkono. "Mama Nakijwa, sijawahi." Nikakwambia najua. Damu ilipopimwa, kaswende haikuonekana, lakini kwenye cheti chako neno hilo halikufutwa.

Ndipo tukapelekwa Moshi. Yule daktari mfupi mwenye mvi alipita wodini na wanafunzi wake, akasimama kwako.

"Huyu mmemweka kundi gani?"

"Ukoma, au kaswende," mmoja akajibu.

"Mshikeni sikio hapa chini, kwenye ndewe. Pamevimba?"

"Hapana."

"Ukoma ungepavimbisha hapa. Sikio lote limeumia isipokuwa hapa pasipo na gegedu, ule mfupa laini. Ugonjwa huu unaifuata gegedu: sikioni, puani, hata kwenye koo la pumzi." Akakugeukia. "Pole, mwalimu. Ni ugonjwa adimu sana. Nimeusoma tu, wewe ndiye mgonjwa wangu wa kwanza. Hauambukizi."

Ulilia, nami nikadhani ni maumivu. Kumbe ulikuwa unasema, kwa sauti iliyokuwa imeshaanza kukauka, "Umesikia? Nakijwa anaweza kukaa mapajani kwangu."

Tuliporudi nyumbani, alikaa. Mlikula makande sahani moja, mtoto akikuchagulia maharage laini kwa sababu kumeza kulikuwa kazi. Vidonge vya Moshi vilishusha uvimbe wa masikio, ila koo lilikuwa limekwisha kuharibika. Uliwaeleza jirani zetu alichosema daktari. Walikuitikia kwa adabu wakiwa wamesimama mbali. Baadaye vidonge vikaadimika, nikawa napanda gari kuvifuata Same na kurudi mikono mitupu.

Ulikufa asubuhi, umekaa, umeshika ukingo wa kitanda, ukivuta hewa isiyoingia. Watu walikuwa wanapita na majembe kwenda shamba la kijiji. Niliwaita. Walisimama barabarani, hakuna aliyevuka uani. Nilikuosha peke yangu. Ndugu zako waliposhuka kutoka Gonja ndipo tukapata wa kukubeba.

Bado nina hasira, Baba Nakijwa. Sina hasira na mganga wa zahanati, hakuwahi kuona kitu kile. Hasira yangu ni kwamba neno lake moja lilifika kila nyumba, na la yule daktari halikutoka uani kwetu.

Sasa, mshenga. Alikunywa chai nusu kikombe, akakohoa. "Mama, walionituma wamesikia kwamba humu ndani kulikuwa na ukoma."

Nikamweleza yote: pamba, damu, ndewe, gegedu. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nikaona hayamwingii. Nikamwambia, "Na hata angekuwa nao, alikuwa mume wangu."

Nakijwa akatoka jikoni na mikono yenye unga. "Shikamoo, baba. Mimi nilikula naye sahani moja hadi siku ya mwisho. Kawaambie hivyo hivyo, usipunguze neno."

Mshenga akaaga. Hajarudi, na mwanao hajaniuliza kama atarudi.

Pumzika, mume wangu. Sisi tupo.

Mkeo,
Mama Nakijwa