Sahihi Yangu Katika Upekuzi wa Chumba cha Fundi Meno

MAELEZO YA SHAHIDI
(Kurekebisha maelezo ya awali)

Jina: Limehifadhiwa jaladani kwa ombi la shahidi. Mtaani huitwa Mama Cherehani.
Umri: Miaka 54
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Nyumba ya vyumba sita, chumba cha pili kutoka barabarani
Tarehe: 28 mwezi wa tano, kuanzia saa nne kamili asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Laiti ningeonywa hivyo mara ya kwanza.

Jirani yangu ni fundi wa meno ya bandia. Wote tunamwita Fundi Meno. Tumekaa ukuta mmoja miaka tisa. Yeye akisaga meno kwa mashine yake na mimi nikishona kwa yangu, mpita njia angedhani tunagombana. Ana vyumba viwili. Cha mbele ni karakana, na cha nyuma alikuwa akilala mama yake mzazi, ambaye miguu ilikuwa imemgomea. Kazi yake hutumia plasta, unga mweupe unaokorogwa na maji ukawa mgumu, jamii moja na ule wa kufungia mguu uliovunjika. Plasta hiyo huikoroga akatengeneza umbo la taya la mteja, na juu ya taya hilo ndipo anapopanga meno. Unga wenyewe hukaa kwenye ndoo dirishani, na kila apitaye anauona. Najua haya kwa sababu meno yangu sita ya mbele ni kazi ya mikono yake.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa tatu, siku ya Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya sare ya shule. Waliingia askari wanne, watatu wakiwa wamevaa kiraia. Mmoja mrefu, kalamu sikioni, aliniambia, "Mama, tunahitaji mwananchi mwema wa kushuhudia upekuzi kwa jirani yako." Nilimwambia mwenye sketi ananisubiri. Akasema, "Dakika mbili tu. Weka sahihi hapa, mengine tutajaza wenyewe." Karatasi ilikuwa na mistari mitupu. Nikaweka sahihi nikiwa bado nimebana pini mdomoni. Mimi huyu, ambaye sijawahi kukata kitambaa cha mtu bila kukipima mara mbili.

Tulipofika kwake, Fundi Meno aliuliza kibali cha upekuzi kiko wapi. Akajibiwa, "Kwa dawa za kulevya hatubishi hodi."

Mimi niliwekwa mlangoni. Kutoka pale naona karakana tu, chumba cha nyuma hakionekani. Nilisikia kitanda kikiburuzwa na bibi akiuliza, "Kuna nini, wanangu? Mbona mnanivua shuka?" Walirudi mikono mitupu. Ndipo wakaichukua ile ndoo ya dirishani, wakaipima kilo kumi na moja na nusu. Fundi Meno alikuwa tayari ana pingu. Alinigeukia akasema, "Dada, waambie. Wewe si unaijua hii?"

Sikusema kitu. Pini nilikuwa nimeshazitoa, kwa hiyo nisizisingizie pini. Niliogopa. Nilijiambia kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, na kwamba huko kituoni hakosekani mtu mzima anayeijua plasta. Nilifunga mdomo wenye meno yake. Naona haya kulisema, lakini naomba liandikwe hivyo hivyo.

Tarehe 12 mwezi huohuo nilikwenda mahakamani, nikasikia karatasi yangu ikisomwa. Ilisema unga mweupe udhaniwao kuwa dawa za kulevya ulikutwa umefichwa chini ya godoro la mama wa mtuhumiwa, mbele ya shahidi. Shahidi ndiye mimi. Hakimu alisema kwa uzito huo sheria haimruhusu kutoa dhamana mpaka mkemia alete majibu. Leo ni siku ya themanini tangu akamatwe, na majibu hayajaja.

Mtaani wakaanza: lisemwalo lipo. Mteja mmoja aliniuliza kama meno aliyotengenezewa yatamlevya. Nilicheka, halafu nikaangua kilio mbele yake.

Bibi nilimuuguza mimi. Kila asubuhi aliniuliza, "Amerudi?" Nikisema bado, alisema, "Wewe si ulikuwepo, mwanangu? Ungewaambia." Hakusema kwa ukali. Alidhani sikupata nafasi. Tarehe 19 mwezi wa nne, Jumapili, saa kumi alasiri, alifariki nikiwa namgeuza. Tuliomba mwanawe aletwe azike, hata kwa ulinzi. Tuliambiwa kesi za namna hiyo hazina ruhusa. Tukazika sisi majirani.

Habari nilimpelekea Fundi Meno mimi mwenyewe mahabusu, Jumanne iliyofuata. Aliuliza jambo moja tu, kama mama alizikwa na meno yake. Alikuwa amemtengenezea mwenyewe. Nikamwambia ndiyo. Huo ndio ukweli wa kwanza niliompa tangu siku ile.

Kwa hiyo nasema: chini ya godoro sikuona kitu. Chumba kile sikuingia. Ndoo ilikuwa dirishani, wazi. Nimeleta taya la plasta la mdomo wangu, alilopangia meno yangu miaka minne iliyopita. Likwangueni mtapata unga uleule. Afisa ameniambia kwa kubadili maelezo naweza kushtakiwa mimi. Nimemjibu basi na iwe hivyo, ili mradi yule atoke.

Nimesema haya bila kulazimishwa na mtu. Karatasi hii nimeletewa ikiwa imejaa, nimeisoma mwanzo mpaka mwisho mara mbili, ndipo nikaandika jina langu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

KUMBUKUMBU YA AFISA
Shahidi alikataa kusomewa, akasoma mwenyewe. Alipewa fomu ya makabidhiano ya kielelezo aisaini kabla haijajazwa, akakataa. Alingoja kwenye benchi saa moja na dakika kumi hadi ilipojazwa. Kielelezo: taya moja, jeupe, gramu 140, limeandikwa chini kwa penseli, "Dada wa jirani. Asicheke sana wiki ya kwanza." Kwa kuwa ni kitu cheupe kisichojulikana, kimepelekwa kwa mkemia. Shahidi ameamriwa asitoke nje ya mji hadi majibu yatakapopatikana.