Poti Niliyoiacha Wazi

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Sijamwambia mtu. Hata kwenye maombi naparuka hapo. Vidole vya Mutisya wa karakanani — ni mimi.

Baba ni msimamizi wa karakana ya vitabu vya mazoezi, Lucky Summer. Kisu cha mashine ya kukata karatasi huamrishwa na kompyuta kuukuu, kupitia poti moja, tundu la waya nyuma yake. Programu ya kisu pekee ndiyo iliyoruhusiwa kuigusa poti hiyo. Nyingine zote zilikataliwa.

Likizo ilipoanza, Lydiah wa ofisini alinipigia. Lebo hazichapiki! "Ati access denied! Si wewe ndio msomi wetu wa kompyuta? Kuja basi." Baba akasimama pale akitabasamu, akiwaambia watu, "Huyu ni mama yangu." Huniita hivyo, maana nimebeba jina la mamake, Kageha. Nikaona haya kusema sijui. Nikaandika mstari mmoja wa ruhusa: programu zote, poti zote. Lebo ikatoka. Makofi! Nikajiambia nitafunga kesho.

Sikufunga.

Jumanne, 13 Agosti

Sasa nimeelewa. Printa ikiwa imezimwa, programu ya lebo huitafuta — inabisha hodi poti moja baada ya nyingine. Jumamosi Lydiah alisahau kuiwasha. Hodi ikafika kwa kisu. Na kisu hakijui hodi, kinajua kushuka tu. Mutisya alikuwa ananyoosha karatasi.

Viwili. Mkono wa kulia.

Alhamisi, 15 Agosti

Shiru, yule anayeshona vitabu, alipitia kwetu. Anasema Mutisya analia hospitalini, anaapa hakukanyaga pedali ya kisu. Mdosi, mwenye karakana, anasema alikanyaga, tena alikuwa amelewa. Mutisya! "Huyo hata soda huiombea kwanza," Shiru akasema. Hakuna aliyecheka.

Baba ametia sahihi kama shahidi. Na alikuwa amempa mgongo! "Mashine haijishushi yenyewe," alisema, akitazama sahani yake.

Mimi sikula. Mama akauliza ugali umenikosea nini.

Ijumaa, 16 Agosti

Nilienda karakana, nikadanganya nimesahau flash. Nilitaka kuufuta ule mstari tu. Lydiah akanizuia: mdosi amekataza mtu kugusa kompyuta, asije akachelewesha oda ya vitabu vya shule.

"Na printa?" nikauliza.

"Iliungua jana. Nangoja ingine. Lakini nitaendelea kujaribu kuchapisha, huwezi jua."

Nilifungua mdomo. Nikasema asante. ASANTE! Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikiisema ile sentensi ya kukiri vizuri kabisa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, njia nzima. Hapakuwa na mtu.

Jumamosi, 17 Agosti

Asubuhi. Mama anakaanga mandazi. Nimemsikia Baba akimwambia kwamba hawajapata mtu wa kushika nafasi ya Mutisya, kwa hivyo leo atakata karatasi mwenyewe. Mama akasema ajichunge. "Ah, nitajichunga na nini? Nisipokanyaga pedali, haishuki."

Anaamini kabisa.

Mdomo wangu hauwezi, najijua. Mkono unaweza, kwa hivyo nimeandika yote, toka Jumatatu.

Saa yake iko hapa mezani pangu, niliichukua nimwekee betri. Anaitafuta.

"Mama! Umeona saa yangu?" Ananiita mimi.

Viatu vyake sasa, kwenye korido. Cha kushoto hulia. Siku zote daftari hili huwa tayari chini ya godoro akifika kwenye pazia la mlango wangu.

Nimeiweka saa juu ya ukurasa wa Jumatatu. Nimeufungua wote. Ataona saa kwanza, halafu