Uzi wa Nyota

Kinshasa, 12 Septemba 2022

Mdogo wangu Sefu,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na umekula kitu kingine kando na mayai. Nisalimie jirani Micheline. Mwambie kuanzia leo frigo yake ina kazi ya heshima kuliko kupoza chupa za soda. Mimi sijambo. Mafundi wanne tunalala chini ya meza ya kukatia nguo, ndiyo sababu bado siwezi kumleta Nyota huku.

Amuri wa uwanja wa ndege wa Bangboka atakuwa amekukabidhi sanduku la barafu pamoja na barua hii. Weka vyuma chini, kaa, usome polepole. Daktari amesema mwili wa binti yangu hautengenezi homoni ya kukua. Ndiyo maana ana miaka tisa na watu wanamdhania wa maternelle, mtoto ambaye hajaanza hata shule ya msingi. Hakuna uchawi, hakuna mkono wa mtu, na shangazi zetu waache kwenda kwa waganga. Kila jioni utamchoma sindano moja pajani. Kichupa kimoja kina unga, kingine kina maji. Unatia maji kwenye unga taratibu, usitikise. Dawa ikae kwenye baridi lakini isigande.

Dawa hii hatungeweza kuinunua hata kama tungeuza nyumba ya baba. Daktari anaipata kwa wafadhili, kwa watoto wachache tu, na wengine wanangoja mlangoni. Kaniambia bila kuzunguka: mtoto asiporefuka, dawa anapewa mwingine. Kwa hiyo kila Amuri akija huku na ndege, mkatie Nyota uzi wa urefu wake, kutoka kisigino mpaka utosini, kama baba alivyokuwa akitukatia kabla ya kushona nguo za Idi. Simu yangu haina picha na mtandao unakatika katikati ya salamu. Uzi ukitoka mkononi mwako, mimi nitaupeleka kwa daktari bila kuuliza.

Ukiona vidole vyake vimevimba, au mikono inakufa ganzi asubuhi, au viungo vinamuuma, au anakunywa maji hayaishi, niandikie mbio. Maana yake dawa imezidi mwilini.

Nimemwacha mwanangu kwako kwa sababu baba yake aliishia Bunia, hakurudi, na kwa sababu nakuamini. Ulikataa cherehani ya baba ukachagua kunyanyua vyuma mtaani Simi-Simi, nilikusamehe. Usinifanye mimi, dada yako mkubwa, nianze upya kusamehe.

Yaya yako,
Kadidja

*

Kisangani, 20 Desemba 2022

Yaya Kadidja,

Aleikum salaam, na salaam nyingine juu yake. Sisi wazima kabisa, labda matope tu. Vipi mgongo wako na hiyo meza?

Bon, nikupe habari. Jioni ya kwanza niliishika sindano nikaiweka chini mara tatu, mimi ambaye salle nzima ya vyuma wananiita Béton, yaani zege. Nyota akamwangalia mjomba wake, akasema: "Tonton, unaogopa nini? Sindano iko yangu." Micheline alicheka mpaka akakaa chini. Mtoto alisema dawa inawasha, macho yakamjaa machozi, lakini hakulia. Nimempa sheria: anayelia harefuki. Sasa anauma midomo tu.

Uzi uko ndani ya bahasha. Ulinganishe na ule uliomkatia mwenyewe kabla hujasafiri. Amerefuka upana wa kidole kizima, Yaya! Kiatu cha shule kimembana. Nilipomwona anafikia komeo la mlango wa jikoni bila kupanda kiti, nilitoka nje, nikajifanya kikohozi kimenikamata.

Carlos, yule anayetufundisha salle, aliniuliza kwa nini kila jioni nakimbia nyumbani. Nikamwambia. Akaguna, akasema wanaume wakubwa wa kwenye mabango ya ng'ambo wanajichoma hiyo hiyo, ndiyo inawapa ile miili. Nikamjibu huku kwetu anayechomwa ana meno mawili mapya na anaogopa mbuzi. Tulicheka sana.

Mdogo wako,
Sefu Béton

*

Kinshasa, 15 Februari 2023

Sefu wangu,

Asalaam aleikum, na Mungu akupe afya mara mbili ya hiyo unayojionyesha. Mimi mzima. Mgongo uko pale pale.

Niliutandaza uzi mezani kando ya ule wa kwanza, nikapiga kelele hadi bwana mwenye atelier yetu ya kushonea akadhani nimejichoma na pasi. Daktari naye alitabasamu, na mtu huyo hana tabia hiyo. Ameongeza dawa, iko kwenye sanduku hili. Amesema tusipoteze hata jioni moja, kwa sababu msichana akishavunja ungo mifupa inaanza kufunga, na ikifunga, imefunga. Huu ndio muda wake na hakuna mwingine.

Nimemshonea gauni la kitambaa cha liputa ya kijani kwa kipimo cha uzi wako. Ukitaka suti ya waziri, sema, nitakushonea. Nakushukuru, mdogo wangu. Nilikuwa naogopa sana na sikukuambia.

Yaya yako,
Kadidja

*

Kisangani, 9 Julai 2023

Yaya mpendwa,

Aleikum salaam. Najua nimekawia, usinipigie mdomo. Masanduku yote yamefika salama, na Micheline anakusalimu.

Nyota anaendelea vizuri. Uzi huu hapa, utaona mwenyewe. Umeenda sana! Gauni la kijani alilivaa Idi, watu wakamsifu.

Mimi nashukuru Mungu, ila afya si ile. Asubuhi naamka vidole vimekufa ganzi, nashindwa hata kufunga vifungo. Pete ya baba haitoki tena kidoleni, Micheline amejaribu kwa sabuni. Carlos anasema ni vyuma, nimezidisha. Lakini ungeniona mabega, Yaya! Nikipita Simi-Simi pikipiki zinapunguza mwendo. Mwezi wa kumi kuna mashindano ya wenye misuli wa jimbo zima la Tshopo, na safari hii sitarudi mikono mitupu.

Bon, ombi dogo. Kofia yangu ya Ijumaa inanibana, inaacha alama kwenye paji. Nishonee nyingine kabla ya Maulidi. Nimekukatia na uzi wa kichwa, usichanganye na wa Nyota.

Mdogo wako,
Sefu

*

Kinshasa, 2 Agosti 2023

Sefu,

Asalaam aleikum. Hujambo na hiyo mikono? Pumzisha vyuma, umwone daktari.

Kofia nimeishona. Nilicheka kwanza. Nimekushonea kofia tangu una miaka kumi na sita na kipimo chako nakijua bila kuangalia. Shingo inanenepa, kifua kinanenepa, hayo ni ya salle. Kichwa unanyanyua nacho nini? Niliulaza uzi wako mara mbili nikidhani nimekosea. Bwana wa atelier akaniambia labda ni sifa zimekujaa.

Gauni la Maulidi la Nyota limo humo, jeupe, la mikono mirefu. Nimefuata uzi wako, na kweli nimeona kitambaa kinavyokwisha nikafurahi. Ila jambo moja. Nikimpigia, zamani alikuwa ananimaliza na maneno. Sasa ni "Ndiyo, Mama" na "Sindano haiwashi tena, Mama", halafu anakurudishia simu. Mpeleke studio mpige picha, uniletee. Nina hamu ya kumwona uso, si urefu tu.

Yaya yako,
Kadidja

*

Kisangani, 22 Oktoba 2023

Yaya wangu wa pekee,

Aleikum salaam! Kaa chini kabla ya kuendelea. Nimeshinda! Mimi, Sefu mtoto wa fundi, wa kwanza Tshopo nzima! Watu wametoka hata Lubunga, wamevuka mto kuja kuniona. Walinibeba. Baba angekuwepo, angesahau habari ya cherehani.

Picha uliyoomba hii hapa. Mpiga picha alikuwepo siku yenyewe, donc nimemwita Nyota mbele yangu tukapiga pamoja, na gauni lako jeupe. Limemkaa kama amezaliwa nalo. Uzi pia umo, na huu mpya umeushinda ule wa Julai. Mwambie daktari aendelee hivyo hivyo, asipunguze.

Ganzi bado ipo, na siku hizi nina kiu ya ajabu, ndoo ya maji haifiki jioni. Joto tu.

Mdogo wako, wa kwanza Tshopo,
Sefu

*

Kinshasa, 11 Novemba 2023

Sefu,

Salaam. Sikuulizi afya. Afya yako umeniandikia mwenyewe barua mbili mfululizo, na mimi mjinga nikakuhurumia.

Vidole vimevimba. Ganzi asubuhi. Kiu haikatiki. Barua yangu ya kwanza ilikuambia uziangalie dalili hizo kwa Nyota, na wewe ukaziona kwako ukaziandika kama mtu anayesimulia mafua. Ulisahau hata nilichokuandikia.

Nina picha mbele yangu. Wewe nyuma, unang'aa mafuta, taya limekutoka kama la mtu mwingine. Nyota mbele, ameshika gauni kwa ngumi mbili ili asilikanyage. Mikono ya gauni imefunika vidole vyake. Mimi ndiye niliyelishona, Sefu, kwa uzi wako. Ukaniandikia limemkaa kama amezaliwa nalo, ukaiweka barua hiyo na picha ndani ya bahasha moja! Ulikuwa unaangalia mabega yako tu, hata hukumwona mtoto aliyesimama mbele yako.

Nyuzi zile nimezipeleka mimi kwa daktari kwa mkono wangu. Nilimwapia. Mama mmoja hapo mlangoni, mwanawe anangoja dawa hiyo, alinipongeza huku analia. Nilikubali pongezi zake.

Niambie kitu kimoja tu. Mtoto ananiambia anachomwa kila jioni. Anachomwa nini?

Kadidja

*

Kisangani, 30 Novemba 2023

Yaya,

Aleikum salaam. Naandika na mkono unauma, nisamehe mwandiko.

Maji. Yale maji ya kichupa cha pili. Unga nilikuwa naunyeyushia maji mengine ya pharmacie, nikajichoma mimi. Nilijua ukimpigia simu utamuuliza kuhusu sindano, kwa hiyo ilikuwa lazima achomwe.

Sanduku la kwanza nilimpa lote, wallahi, na ule uzi wa Desemba ulikuwa wa kweli. La pili, Carlos akasema jaribu nusu tu, mtoto ameshaanza kukua, hataumia. Nilifikiri ni mwezi mmoja, kisha nitarudisha. Halafu mwili ukaanza kuitika. Yaya, miaka yote nilikuwa wa nne, wa tano, wa kupigiwa makofi ya huruma. Nikashindwa kuacha. Nyuzi nilizikata ndefu kwa sababu bila kurefuka dawa ingekatwa. Ningekosa mimi, na yeye pia angekosa, nilijiambia hivyo.

Hospitali wamenikuta na sukari kwenye damu. Daktari wa huku kauliza nimetumia nini, nikasema vyuma.

Nakuomba mambo mawili. Nyota asijue. Na huyo daktari wako usimtajie jina langu, mwambie dawa iliharibika kwa joto. Umeme huku unajulikana, ataamini. Mimi ni damu yako.

Mdogo wako,
Sefu

*

Kinshasa, 18 Machi 2024

Sefu,

Salaam. Umemtuma Amuri mara tatu aniulize kwa nini nilikuja kumchukua mtoto bila kukungoja. Nilifika asubuhi, Micheline akaniambia uko salle. Nikashukuru kwa hilo. Sikuwa na hakika ningekufanya nini na mkasi wa kazi ndani ya mkoba.

Daktari nimemwambia yote, na jina lako, na la baba yetu. Sikusingizia umeme. Akafungua daftari lake, akaniambia nafasi ya Nyota sasa anapewa mtoto wa yule mama wa mlangoni, na Nyota arudi nyuma ya foleni. Sikubishana. Nafasi nyingine imepatikana mwezi uliopita. Nimekodi chumba, na frigo nusu yake ni yangu. Mwaka uliopotea, daktari amesema, haulipwi na dawa yoyote.

Jioni ya kwanza nilimchoma mimi. Akaruka, akashika paja, akaniambia: "Mama, hii inawasha sana! Ya tonton iliachaga kuwasha. Nilizani ni miye nimekuwa mukubwa."

Nilitoka nje. Sikujifanya kikohozi.

Hajui. Ulitaka asijue, basi hajui, lakini si kwa ajili yako. Bado anakuombea kila swala ili mikono yako ipone, na anawaambia watoto wa huku kwamba tonton wake ndiye wa kwanza Tshopo. Nenda kwa daktari wako ukamwambie ukweli kabla sukari haijakumaliza. Hilo nakuambia kwa sababu ningemwambia mtu yeyote.

Jana alisimama ukutani bila kuitwa, visigino vimebana, kidevu juu. Akaniomba nimkatie uzi tukutumie, ufurahi kwamba anakua. Nimeukata. Umeupita ule wa kweli wa Desemba kwa upana wa kucha. Nikamwambia nautia kwenye bahasha, akanishikia hata bahasha yenyewe.

Usiutafute humu, haumo. Upo kwenye kisanduku cha cherehani ya baba pamoja na ule wa kweli. Nyuzi zako nyingine nimezichoma moto.

Mama Nyota