Kopo Nililolisifu Bila Kulifungua

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapanda basi la kurudi nyumbani, maana zimebaki wiki mbili na sijui nitakaa vipi mezani na mke wangu.

Mimi ni fundi wa vigae, shule niliishia darasa la sita, hivyo univumilie nikipinda maneno. Nina miezi kumi na moja mbali na mke wangu na watoto wetu wawili. Kazi ya vigae ni ya kupiga magoti, uzito wote unalala kwenye vidole vya miguu, na asubuhi moja kidole gumba cha mguu wa kulia kiliamka kimevimba, chekundu, kinang'aa kama nyanya, hata shuka likikigusa nauma meno, ikabidi nikate kiatu mbele kwa kisu cha kazi ili kidole kipate kupumua. Zahanati walipima damu wakasema ni jongo, nipunguze nyama nyekundu, niache maini, figo, dagaa na bia. Wenzangu kazini walicheka mpaka wakakaa chini.

"Huo ni ugonjwa wa wakubwa," alisema fundi bomba ninayeishi naye chumba kimoja. "Wewe nyama unaila wapi, Mheshimiwa?"

Tangu hapo naitwa Mheshimiwa, na ndoo ninayoegemezea mguu wakati wa mapumziko wanaiita kiti cha enzi.

Nikawa nanunua vidonge vya maumivu dukani, kidole kikatulia lakini tumbo likanuna, sasa chai kavu inaniwaka, pilipili inaniwaka, hata njaa yenyewe inaniwaka, nikila nateseka na nisipokula nateseka.

Nyama naila wapi? Kila mwezi mke wangu hunitumia kopo la nyama aliyoikausha na kuikaanga kwa mkono wake, analifunga kwa kitambaa kwa mafundo mawili, na jirani yetu dereva wa lori ananiletea. Baada ya kuambiwa jongo nilijidanganya nitakula vipande viwili tu, nikamaliza kopo zima nimesimama, na siku nne sikuvaa kiatu. Toka hapo kopo likifika nampa fundi bomba likiwa bado limefungwa, kwa sababu nikilifungua tu nimekwisha. Yeye akimaliza ananirudishia tupu, nami nanusa mfuniko. Naona aibu kuandika hivi lakini ndiyo kweli, nafumba macho nanusa mfuniko na namwona mke wangu amesimama jikoni, mgongo kwangu, ananiambia nisiguse mpaka ipoe.

Nyumbani sijasema lolote. Utaniuliza kwa nini. Nikimwambia aache kutuma, nini chake kitakachonifikia huku? Simu ni sauti tu, haishikiki. Kwa hiyo kila kopo lilipokuja nilimpigia nikalisifu.

Mwezi uliopita aliniuliza, "Baba watoto, umefungua kopo?"

"Nimefungua. Nyama imekolea kama siku zote, ila pilipili manga safari hii umezidisha kidogo."



"Haya," akasema. "Kula taratibu."

Siku mbili baadaye nikachukua mfuniko ninuse kama kawaida yangu, haunuki nyama. Nikamuuliza fundi bomba.

"Nyama gani? Shemeji safari hii katuma unga wa uji. Kausaga laini kama wa mtoto. Nimekoroga kikombe kimoja tu, mimi na uji wapi na wapi. Nilidhani unajua."

Mshauri, nilikaa kwenye ndoo. Ndipo nikakumbuka kwamba siku moja, katikati ya mazungumzo mengine, nilimwambia mke wangu tumbo linaniwaka asubuhi, maneno yalinitoka tu nikayasahau, kumbe yeye aliyashika. Alinitumia kitu pekee ambacho ningeweza kula, nami nikakigawa, nikamsifia nyama.

Zamani alikuwa akinipangia siku nitakayofika, atanikaangia maini, atanipakulia mimi kwanza. Sasa hataji chakula kabisa, ananiuliza habari za kazi kama vile ananiuliza mgeni, na hilo linaniuma kuliko kidole. Wiki hii shemeji yangu, mdogo wake, kanitumia ujumbe: "Dada hasemi, nasema mimi. Huko una mpishi?" Sina mpishi, mshauri, naapa sina. Unga uliobaki uko kwenye kopo kichwani pa kitanda changu, sijathubutu kuugusa, naona kama si haki yangu.

Nimwambie nini ili aamini? Niseme nilichanganya makopo? Na kuna dawa ya kumeza ili siku ile moja tu nile maini yake bila kuanguka?

Fundi wa vigae

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole kwa kidole na pole kwa tumbo. Kwa kopo sikupi pole.

Dawa ya kula maini siku moja haipo, na usimruhusu muuza duka yeyote akuambie ipo. Vidonge hivyo ulivyojinunulia viache leo. Kesho rudi zahanati useme mambo yote mawili, kidole na tumbo, maana waliokupima kidole hawajui kuwa una tumbo, na baadhi ya dawa za maumivu hutuliza kimoja na kuchoma kingine. Wakupangie dawa inayofaa vyote viwili. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, weka chini mwiko wako wa saruji uende hospitali saa hiyo hiyo.

Usijishindishe na njaa pia, inakudhuru huku na huku. Kula kidogo, mara nyingi: wali laini, viazi vya kuchemsha, mayai, mboga zilizoiva, ndizi mbivu, maziwa kama tumbo linayapokea. Maji kunywa siku nzima, usingoje kiu. Soda itupe pamoja na bia. Na hicho kiatu ulichokikata, fundi, kwenye vumbi la saruji na vipande vya vigae, tafuta kingine kipana kabla hujaniandikia kuhusu kidole cha pili.

Sasa mkeo. Uwongo mwingine sikutungii. Hebu tazama anachokijua yeye: alituma unga wa uji, na mume wake amesifu pilipili manga. Nafasi iliyobaki anaijaza mwenyewe, na katika kuijaza hawezi kumfikiria fundi bomba. Wewe ungemfikiria?

Uliogopa kuwa ukisema kweli hakitakufikia tena kitu chake. Ndugu yangu, ulidokeza robo ya kweli, kwa bahati mbaya, ukaletewa unga uliosagwa laini kwa ajili ya tumbo lako. Hebu fikiria ungesema yote.

Kwa hiyo mpigie leo ukitoka kazini. Usianze na jongo, atadhani unatafuta huruma. Anza na kopo: nililigawa bila kulifungua, nikakudanganya. Akifoka, nyamaza usikilize, una deni hilo. Halafu mweleze kidole, mweleze tumbo, mpe fundi bomba simu athibitishe. Mwishowe mwambie habari za mfuniko. Mimi umeniambia, na mimi si mke wako. Siku ya kufika usidai maini. Mwombe uji, ukae naye jikoni anapoukoroga.

Lakini kabla ya kupiga simu, toa kopo hilo kichwani pa kitanda. Chemsha maji, koroga, unywe ukiwa umekaa, polepole, mpaka kikombe kiishe. Atakuuliza ulikuwaje. Safari hii uwe na jibu.