Nyuzi za Kondoo wa Idi

Babu yangu uliyetutangulia,

Nimekaa chumbani kwako Al Amerat, kwenye kile kiti cha plastiki ulichokataa kibadilishwe, na nakuandikia nikiwa nimekasirika. Mama amenifundisha kwamba barua haianzi kwa malalamiko, kwa hiyo kwanza nakuombea Mwenyezi Mungu akurehemu na alipanue kaburi lako. Sasa niruhusu nilalamike.

Fidla yako imeharibiwa. Aliyeifanya hivyo anasema imetengenezwa. Matanga yako yalipokwisha, Shangazi Zuwena aliichukua kimyakimya akaipeleka dukani, ikarudi inang'aa kama meza mpya. Zile nyuzi nne za utumbo zimevuliwa na mahali pake zimetiwa za chuma. Nilipomuuliza za zamani ziko wapi, alinitazama kama mtu aliyetarajia kushukuriwa.

"Zile zinazonuka? Nimezitupa, mwanangu. Na zile za akiba kwenye mtoto wa meza nazo nimezitupa."

Bahasha zote ulizowekea nyuzi, Babu. Moja tu ilisalia, kwa sababu ilikuwa imeanguka nyuma ya meza, nayo haikuwa na kitu ndani. Juu yake umeandika kwa wino wako wa kijani: "Uzi wa noti ya mi, ule mwembamba. Kondoo wa Idi. Kazi ya mkono wangu."

Ulinisimulia mara nyingi jinsi ulivyoipata fidla. Ulikuwa karani wizarani, Al Khuwair, na ofisi ya pili alikuwapo mhandisi mgeni aliyependa muziki wa zamani wa Ulaya, na aliupiga kwa ala za zamani zilezile, si za leo. Alisikia kwamba Unguja, kabla hujavuka bahari kuja huku, ulikuwa ukipiga fidla, akakualika nyumbani kwake. Fidla yake ilikuwa na shingo fupi na haina pa kuwekea kidevu. Joto la hapa lilimkatia nyuzi zote za utumbo, na mjini hapakuwa na za kununua. Ukamuuliza zinatokana na mnyama gani. Alipokujibu kwamba ni kondoo, ulicheka mpaka ukakaa chini, kwa sababu Idi Kubwa ilikuwa wiki ile. Ukamtengenezea nyuzi, naye alipoondoka kurudi kwao alikuachia fidla.

Nami ulinifundisha kwayo. Nilikuwa na miaka minane. Ulipiga goti lako kwa kile chuma chenye ncha mbili cha kupimia sauti, ukakisimamisha juu ya meza, meza nzima ikalia. "Hii ndiyo noti yetu ya la," ulisema. "Ya skuli iko juu zaidi kwa nusu sauti. Usiifuate. Muziki huu ulizaliwa chini, uache chini." Nilipokandamiza upinde ulinishika kiwiko. "Usiisukume. Iulize, kisha ingoje ijibu." Na kweli ilikuwa ikijibu. Sauti yake haikuwa kubwa, ilikwaruza kidogo mwanzoni, kisha ikafunguka kama mtu aliyemaliza kusafisha koo na sasa anasema anachotaka.

Nyuzi za chuma hazingoji. Zinapiga kelele kabla hujauliza. Mwalimu Rehema, anayetufundisha muziki skuli, mtu wa Mombasa na mwenye ulimi mkali, alifurahi. "Sasa ndiyo inalia kama fidla," alisema mbele ya darasa zima. "Ile ya zamani ilikuwa inakohoa." Wenzangu wakacheka. Akanipa nafasi kwenye sherehe ya skuli baada ya Idi, nipige lile pande la muziki la polepole ulilonifundisha, yeye akinifuata kwa kinanda cha umeme.

Ningenyamaza, Babu. Nimelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa. Lakini nilipokuwa nikifanya mazoezi niliona mstari mwembamba kama unywele umeanza kwenye ubao wa juu, karibu na kidaraja kinachobeba nyuzi. Chuma kinavuta kwa nguvu kuliko utumbo, na ubao huo haukuchongwa kwa mzigo huo. Nilimpelekea Baba. Aliupitishia ukucha.

"Chuma kitoke," alisema. "Lakini tutatia nini? Tutaagiza nje?"

"Zitachelewa. Na kondoo tunaye uani," nilisema.

Alinitazama, kisha akamtazama kondoo. "Usimwambie shangazi yako," akasema.

Siku ya Idi, wakati Baba na wenzake wanapaka nyama viungo vya shuwa, tayari kufukiwa kwenye shimo la moto, mimi nilikaa penye bomba la uani na karai la matumbo. Nilijua kazi hiyo kwa kuchungulia mlangoni tu, maana kila nilipoomba kusaidia ulinifukuza. "Wewe bado mdogo, mikono itakunuka." Mpaka nimefika miaka kumi na tano bado mdogo. Hukuandika popote namna inavyofanywa. Nilikuwa nakwaruza mafuta kwa makali ya kisu, na kila nikikwaruza utumbo unachanika. Watoto wa ami walinizunguka.

"Jamani, njooni, leo supu itaimba."

Shangazi Zuwena alitoka jikoni akiziba pua kwa ncha ya mtandio. Nilijua ananijia kwa ukali, na nilikuwa nimeshatayarisha maneno yangu kuhusu bahasha. Lakini alisimama, akatazama mikono yangu kwa muda.

"Unakata," alisema. "Geuza kisu. Mgongo wake, si makali. Na maji yawe ya uvuguvugu, ukitia ya baridi mafuta yanaganda."

"Umejuaje, Shangazi?"

Alikunja mikono ya gauni, akavuta kigoda. "Nimejuaje. Idi ngapi nimekaa hapo ulipokaa wewe? Wenzangu wamevaa nguo mpya wanapita kwa jamaa, mimi nna karai. Skuli wakiniita Binti Utumbo. Nikimwambia baba yangu wananicheka, na yeye anacheka. Akisokota yeye, sikatai, lakini vidole vyake vinene. Ule uzi mwembamba wa juu hakuuweza hata siku moja. Ule nikisokota mimi."

Nilikwenda chumbani kwako nikamletea bahasha. Alijifuta mikono, akaisoma, akaigeuza kuangalia kama kuna kitu nyuma.

"Mkono wake," akasema. "Haya." Akarudi kwenye karai.

Hapo, Babu, hasira yangu ilihama kwa Shangazi ikaja kwako. Kila mgeni aliyekaa kwenye baraza yako alisikia habari za mhandisi na za kondoo, na kila mgeni aliambiwa umejifunza peke yako. Hukumtaja mtoto aliyeikosa Idi yake ili fidla yako iwe na uzi wa juu. Nimefikiri sana kwa nini mimi ulinifukuza. Labda ulijua ulichomfanyia yeye, ukaogopa kukifanya tena. Kama ndivyo, ilikuwa umwambie yeye, si kuninyima mimi. Sasa naelewa kwa nini alizitupa zile nyuzi. Bado sikubali kwamba alifanya sawa, na nimemwambia hivyo kwa adabu. Amesema, "Najua."

Tuliziloweka, tukibadilisha maji kila siku, kisha tukazisokota na kuzitundika darini, mawe yakizivuta chini mpaka zikauke. Nyuzi tatu nene nilisokota mimi. Uzi wa mi wangu ulikatika, nikasokota mwingine, nao ukakatika. Wa tatu aliusokota Shangazi, amefumba macho, anahesabu kwa sauti ileile uliyokuwa ukihesabia wewe. Huo umeshika. Niliikaza fidla kwa kile chuma chako, chini kwa nusu sauti, na ule ufa haujasogea.

Mwalimu Rehema aliisikiliza mpaka mwisho. "Inakohoa tena," alisema. Kisha akabonyeza kinanda chake kikashuka nusu sauti. "Haya, nimekufuata huko chini. Usiniache."

Sherehe ni Alhamisi. Shangazi anakuja, lakini anasema atakaa karibu na mlango, ili uzi ukikatika awe ameshatoka.

Ile bahasha sikuitupa. Ndani yake nimetia kipande cha uzi wa mi kilichobaki, na chini ya mstari wako nimeandika: "Si kweli. Kazi ya mikono ya Zuwena." Nimetumia wino wa bluu, asije mtu akadhani umeandika wewe.

Pumzika kwa rehema, Babu. Nimekukasirikia, na Alhamisi nitapiga kama ulivyonifundisha.

Mjukuu wako